Kipini cha Mama na Ndoo ya Baba

Kwenye karakana ya Baba kuna ndoo ambayo haimwagwi. Ni ndoo ya plastiki iliyoanza maisha yake ikiwa na rangi ya nyumba, na maji yaliyomo ni ya kijivu, yana povu la sabuni pembeni na nywele mbili tatu zinazoelea. Mtu mwenye akili timamu hawezi kutia mkono humo. Lakini Baba ni sonara, na baba yake alikuwa sonara, na kila aliyewahi kukaa kwenye meza yao alifundishwa jambo moja kabla hajafundishwa kushika tupa: ukimaliza kazi, unanawa kwenye ndoo. Kabla ya kula, kabla ya kuswali, hata kama tumbo linakuendesha na choo kiko ng'ambo ya ua, kwanza ndoo. Mikono ya mtu aliyekaa mezani ina unga wa dhahabu kwenye mistari ya viganja na chini ya kucha. Akinawia bombani, unga unaenda mtaroni, mtaro unaenda ziwani, na samaki wa Ziwa Victoria hawana shida ya dhahabu.

Mara moja kwa mwaka, kabla ya mfungo, Baba huyachuja maji ya ndoo kwa kitambaa, kisha hukichoma kitambaa hicho pamoja na takataka za kufagia, msasa uliokwisha na mkeka wa chini ya meza. Mtaa mzima hukohoa. Majivu huyeyushwa, na mwisho wa moshi wote huo hutoka tone la dhahabu ambalo siku moja kabla lilikuwa uchafu. Nilipokuwa mdogo niliamini huo ndio muujiza pekee ulio ndani ya uwezo wa ukoo wetu.

Mkono wangu haukuwahi kuingia kwenye ndoo hiyo. Mimi ni binti, na kwenye karakana ile binti alileta chai na kuondoka na vikombe. Binamu zangu, ambao hawakuweza kunyoosha waya bila kuukata, walinawa kwenye ndoo na kujikung'uta kwa majivuno. Mimi nilinawia bombani, pamoja na wateja na yeyote aliyepita kuomba maji. Ni aibu kidogo mtu mzima kukiri kwamba utotoni alionea wivu maji machafu, lakini niliyaonea.

Baba amefanya kazi yake yote akizungukwa na waongo. Dhahabu ya Kanda ya Ziwa inaletwa mjini na watu wa kila namna, na sehemu kubwa yao wamebeba kipande cha bomba la shaba kilichosuguliwa vizuri. Wanashuka Buzuruga na basi la kwanza, hawajanyoa, wana hadithi ya mjomba aliyefia machimboni. Baba huwapa kiti. Huwasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote, kisha huchukua kitu chao na kukisugua kwenye jiwe lake jeusi la kupimia, hudondoshea tindikali kwenye alama, na alama inapotea. Hapo huwaambia pole na safari.

Kutokana na watu hao alijijengea imani yake. Dhahabu haina visingizio. Ni ya manjano, ni nzito, haishiki kutu, tindikali ya kawaida haiiwezi. Uifue iwe nyembamba kama karatasi, uivute iwe waya, uizike miaka mingi, ukiichimbua ni ile ile. Kitu kinachohitaji maelezo marefu, kwake, tayari kimeshajitangaza kwamba si dhahabu.

Basi katika watu wote waliowahi kuingia karakana ile, aliyekuja na dhahabu yenye maelezo marefu kuliko wote ni mimi.

Nafundisha kemia chuoni, na utafiti wangu ni wa dhahabu ndogo. Sisemi vipande vidogo vya kuonekana kwa miwani ya Baba. Nasema vikundi vya atomu elfu kadhaa, vingine mia kadhaa, vingine makumi tu. Dhahabu ikifikia udogo huo inaacha heshima zake zote. Ile iliyokuwa mvivu, isiyojishughulisha na hewa wala maji, inachangamka na kuanza kuzichochea gesi nyingine zibadilike. Inayeyuka kwa moto hafifu ambao kipande kikubwa kingeucheka. Na rangi inaruka kabisa. Viduara vidogo vikiwa ndani ya maji, maji ni mekundu. Vikiongezeka ukubwa, wekundu unaelekea zambarau. Ukivikuza viwe vijiti badala ya viduara, unapata buluu, au kijani, au hudhurungi, kutegemea urefu wa kijiti. Ni dhahabu tupu, haikuchanganywa na kitu. Kilichobadilika ni ukubwa na umbo tu.

Nilimweleza Baba haya mezani nyumbani, jioni moja, tukila ugali kwa dagaa. Akaendelea kutafuna. Alipomeza akasema nyekundu ni shaba.

Nikasema si shaba. Akasema basi ni uchafu. Nikaanza kumweleza habari ya elektroni, jinsi mwanga unavyozisukuma zikayumba kwa pamoja ndani ya kikundi, na jinsi umbo la kikundi linavyoamua ziyumbe vipi: kwenye kiduara kila upande ni sawa, kwenye kijiti zinaweza kuyumba kwa urefu au kwa upana, kwa hiyo kijiti kinameza rangi mbili. Baba alinisikiliza kama anavyowasikiliza wale wa Buzuruga, kwa adabu zote, na hapo ndipo nilipopandwa na hasira.

Mama akaingilia. Mama anauza dagaa kwa jumla pale Mwaloni, Kirumba. Alizaliwa Misungwi kwa wakulima wenye ng'ombe, akaolewa mjini kwa masonara, akasilimu, na baada ya hapo hakukubali kubadilishwa kitu kingine chochote. Alisema hakuna haja ya elektroni. Ukimchukua sangara mmoja mkubwa ukamlaza juani mzima mzima, jioni una nzi. Ukichukua dagaa wa uzito ule ule ukawatandaza mchangani, jioni wamekauka, unafunga gunia. Samaki ni samaki na uzito ni mmoja, lakini sangara ana nyama nyingi iliyojificha ndani, na dagaa ni kama ngozi tupu, jua linamfikia kila mmoja. Kwa hiyo dhahabu ya mwanao ni dagaa, akamwambia Baba, na yako ni sangara.

Nilifurahi sana, maana ndivyo ilivyo: kwenye kikundi kidogo karibu kila atomu iko nje, imeguswa na dunia. Lakini kwa kuwa mimi ni mwalimu sikuweza kuiacha furaha ikae. Nikamwambia Mama mfano wake unaeleza kuchangamka na kuyeyuka, hauelezi rangi, na pia kuna habari ya idadi. Vikundi vingine vinatulia kwa sababu idadi yake inakaa vizuri. Atomu ishirini za dhahabu hujipanga zenyewe kama piramidi na kutulia, ukiongeza moja vurugu inaanza, kama sinia ya pilau iliyokaliwa na watu wanaotoshana halafu shemeji mnene akapiga hodi. Mama akasema haya, sasa tumefika kwa mashemeji. Baba akanawa mikono, akasema dagaa hata umkaushe vipi hageuki kuwa juisi ya rosela, na akaenda msikitini.

Nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwa Baba. Sikutaka anisifu. Nilitaka aangalie kitu changu na aseme neno moja, dhahabu, kwa sauti ile anayoitumia akishanyanyua jiwe lake na kuona alama imebaki. Sauti hiyo niliisikia tangu nikiwa na kikombe cha chai mkononi, na siku zote ilisemwa juu ya vitu vya watu wengine.

Mpango ulikuwa wa Mama. Alikuja chumbani na kopo la poda, akatoa pamba, na ndani ya pamba kulikuwa na kipini cha puani. Historia ya kipini hiki naijua kwa matoleo mawili. Kwa toleo la Baba, ndicho kitu cha kwanza alichokitengeneza peke yake tangu mwanzo hadi mwisho bila mkono wa baba yake kugusa, ua lenye petali ndogo na kikonyo chake, na alikipeleka Misungwi mwenyewe kwenye kitambaa cha hariri. Kwa toleo la Mama, alitobolewa pua kwa ajili ya upendo, akarudi kwenye dagaa, vumbi la dagaa likampigisha chafya, na kipini kikaruka kwenye rundo la magunia. Wanawake wa Mwaloni walikitafuta mpaka adhuhuri huku wakimcheka. Tangu hapo kilikaa kwenye poda, na kila Iddi Baba aliuliza mbona hukivai, na kila Iddi Mama alijibu kwamba ana mafua.

Akaniambia, "Chukua hiki. Ukimpelekea dhahabu ya mtu mwingine atasema umechanganya. Hiki anakijua mpaka utumbo."

Nilimuuliza kama ana hakika, maana kikiingia kwenye tindikali hakitoki kikiwa ua. Akasema kipini ni chake, alipewa, na miaka yote hii kimefanya kazi ya kulala. Akaongeza kwamba hata mimi ningekuwa kipini ningechoka.

Nikaenda nacho chuoni. Kuna mchanganyiko wa tindikali mbili ambazo kila moja peke yake haiiwezi dhahabu, zikikutana zinaila. Nilikiangalia kipini kikipungua, petali moja moja, mpaka ikabaki rangi ya machungwa. Sitasema sikuona uchungu, niliona, na nikajiambia nisiwe mjinga. Nikaitenga shaba kidogo aliyoitia Baba ili kipini kiwe kigumu, kisha nikachemsha maji mengi, nikaitia dhahabu, na juu yake ile chumvi inayotokana na asidi ya ndimu. Hapo unasubiri. Maji yanapoteza rangi kabisa, unadhani umepoteza kila kitu. Halafu yanakuwa ya kijivu na buluu ya kutisha. Halafu, ukiendelea kuchemsha, yanageuka mekundu mbele ya macho yako, wekundu mzuri wa rosela, na hata nikiifanya kazi hii mpaka nistaafu sitaizoea.

Kipini kile kidogo, ambacho ungeweza kukimeza kwa bahati mbaya na usijue, kilijaza chupa ya kioo yenye mdomo mpana, ya ukubwa wa dumu dogo la mafuta ya kupikia. Ndivyo dhahabu inavyokuwa ikiwa ndogo, kiasi kidogo kinatosha kupaka rangi maji mengi. Niliipakata kwenye bodaboda kutoka chuoni hadi nyumbani, na dereva akaniuliza kama kuna mgonjwa anasubiri damu.

Baba alikuwa sebuleni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikaiweka chupa mezani mbele yake, na Mama akasimama mlangoni akijifanya anapanguza sahani.

Akauliza ni nini. Nikasema ni kipini cha Mama.

Akamwangalia Mama, Mama akapanguza sahani kwa nguvu zaidi. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea, akaingia chumbani kwake na kurudi na jiwe la kupimia. Alichovya kidole kwenye chupa, akakisugua kwenye jiwe. Jiwe likalowa. Akasubiri likauke, likakauka, jeusi kama lilivyokuwa. Nikasema Baba, haiwezi kuacha alama hivyo, zimetawanyika mno, kila kikundi kimetengana na kingine kwa maji, inabidi kwanza... Akainua mkono nikanyamaza.

"Kila aliyewahi kutaka kuniibia," alisema, "alianza kwa kuniambia dhahabu yake ni ya namna ya peke yake."

Akalifunga jiwe kwenye kitambaa chake, akaenda kulala na jua bado liko juu.

Kilichofuata ni kimya. Baba hakugombana nami, na bora angegombana. Alikuwa akipitia kwa Mama. Mwulize mwanao kama atakula. Mwambie mwanao geti halijafungwa. Mwulize mwanao kipini kiko wapi. Swali hilo la mwisho aliliuliza kila siku kwa sauti ile ile tulivu, na kila siku Mama alinigeukia, mimi nikiwa nimekaa hatua mbili kutoka kwa Baba, na kuniuliza kipini kiko wapi, na mimi nilinyoosha kidole kwenye kabati la vyombo, ambako Mama alikuwa ameiweka chupa kati ya birika la harusi na vikombe visivyonywewa. Kwa mchana, jua la dirishani lilipoifikia, liliwaka kabati zima. Hata Baba akipita aliitupia jicho, kisha akaondoa jicho haraka.

Mama mdogo alikuja kutoka Misungwi na kuku wawili. Tuliporudi sebuleni kutoka kumfungia kuku, tulimkuta amejimiminia glasi ya maji mekundu na anainusa, akilalamika kwamba rosela ya mjini haina harufu. Mama alimnyang'anya. "Hicho ni kipini changu," akamwambia. Mama mdogo aliweka glasi chini na kutuangalia mmoja mmoja, na nadhani hadi leo huko kijijini inasimuliwa kwamba mjini tumeingia kwenye mambo ya giza.

Sonara jirani, rafiki wa Baba wa siku nyingi, alitoa maoni yake bila kuombwa. Alikuwa na hakika kwamba kipini kiko mahali, kimeuzwa au kimevaliwa na mtu, na yale mekundu ni rangi ya keki. Aliyasema haya akiwa karakanani, nami nikiwa nimefika na chai kama zamani, kwa sababu nilijua Baba hawezi kuikataa chai mbele ya mgeni. Nilingoja Baba amjibu. Alichosema ni kwamba binti yake hajawahi kuwa mwizi, ana akili nyingi tu, na akili nyingi, kama homa, huwatokea watu. Niliondoka bila vikombe. Nililia njiani, na mtu akinitazama nilijifanya ni moshi wa dagaa.

Niliamua kuirudisha. Ni kazi inayowezekana kabisa: ukitia chumvi ya kutosha, vikundi vinavyokimbiana vinaacha kukimbiana, vinashikana, wekundu unakuwa zambarau, zambarau inakuwa buluu, halafu kila kitu kinazama chini kama masizi. Unachuja, unachoma, unayeyusha, na dhahabu inarudi kuwa manjano na mvivu. Kisingekuwa kipini tena, lakini kingekuwa na uzito wake, na Baba angekipokea. Ningekuwa nimeshindwa. Ningempa tone la manjano naye angesema dhahabu, na neno hilo lingekuwa la tone, siyo la chupa yangu. Nilipanga kuibeba chupa hadi chuoni asubuhi ya Jumamosi.

Jumamosi nilipofungua kabati, kati ya birika na vikombe palikuwa na duara safi lisilo na vumbi. Mama alikuwa anafunga khanga aende Mwaloni. Alisema Baba ametoka nayo baada ya alfajiri, ameipakata kwa mikono miwili, na alipomuuliza anakwenda nayo wapi alimjibu kwamba anakwenda kazini.

Nilienda kwa miguu nusu ya njia na kwa kukimbia nusu nyingine. Sijui nilikuwa natarajia nini. Pengine nilitarajia kuiona dirishani mwa karakana, mbele ya mtaa wote, na huyo jirani akiwa amesimama mbele yake.

Ilikuwa dirishani kweli. Ilikuwa tupu, imesuuzwa, imegeuzwa chini juu ili ikauke.

Baba alikuwa mezani, amevaa miwani yake ya kukuzia, anapiga tupa pete ya mteja. Nilimpita. Nikaichukua chupa, nikatia mkono ndani mpaka kiwikoni kama mtu anayetafuta kitu kilichobaki kwenye sufuria, nikapapasa kuta zake, nikatoa vidole vina unyevu wa waridi hafifu. Kisha nikamgeukia baba yangu mzazi na kumwambia mambo ambayo binti wa nyumba ya Kiislamu hamwambii baba yake. Nilimwambia hana haki. Nilimwambia amewasikiliza matapeli wa mjini hapa kwa heshima kuliko alivyonisikiliza mimi. Nilimwambia kama hakuamini angeniachia nimrudishie dhahabu yake kwa gramu, na sasa hakuna kitu, hakuna kipini na hakuna kazi yangu, ameimwaga kama maji ya kupigia deki.

Aliacha tupa. Akavua miwani, akaikunja taratibu, jambo ambalo limeniudhi maisha yangu yote.

"Juzi nilipika kikombe kimoja," alisema. "Kwenye sufuria ya kahawa. Yalikauka yakaacha masizi. Nikayapiga moto wa gesi, yakajikusanya, yakawa manjano. Nikasugua kwenye jiwe, nikadondoshea tindikali. Alama ilibaki."

Nikamuuliza basi kwa nini ameimwaga iliyobaki.

Alinitazama kama vile nimeuliza kwa nini hakuvaa viatu kichwani. "Nani amemwaga? Dhahabu haimwagwi," akasema, na akaelekeza kidevu chake kwenye ndoo.

Nikatazama. Ndoo ilikuwa imejaa karibu na ukingo. Maji yalikuwa ya kijivu kama siku zote, labda kijivu chenye buluu kidogo ukitaka kuiona, na povu pembeni, na nywele zake mbili tatu. Kazi yangu yote, wekundu ule nilioupakata kwenye bodaboda, ulikuwa humo pamoja na sabuni, jasho la mikono ya mafundi na unga wa pete za watu wasionijua. Hakuna njia duniani ya kuutoa humo ukiwa mwekundu. Alikuwa ameiharibu kabisa. Aliiharibu kwa sababu aliamini, maana kwenye karakana hii ukishajua kwamba maji yana dhahabu, mahali pake ni pamoja tu, ndani ya ndoo. Na lile neno alikuwa ameshalisema, kwa sauti yake ya jiwe, na mimi kwa kelele zangu nusura nisilisikie.

Sikujua nicheke au nimpige na chupa. Nilicheka, na machozi yalitoka yenyewe.

Baba alijikohoza. Akasema kuna kitu hakukielewa. Maji yangu yalipoingia kwenye ndoo yalikuwa mekundu, yakageuka zambarau, kisha buluu, kisha yakapotea, na hiyo imekaaje. Ilikuwa mara ya kwanza ananiuliza swali juu ya kazi yangu, na aliniuliza mwenyewe, Mama akiwa Mwaloni. Nikamwambia kwenye sabuni na jasho kuna chumvi, na chumvi inaviondolea vile vikundi woga, vinashikana, na vikishashikana haviwezi kuwa vyekundu tena.

"Kwa hiyo vimeshakuwa vikubwa," akasema.

Nikasema ndiyo, vimeanza kuwa vikubwa. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyeambiwa kwamba watoto wamefika salama. Akasema kabla ya mfungo atachuja, na Mama atapata kitu kingine, cha sikioni safari hii, maana puani ameshindwa. Nikamkumbusha kwamba kitakuwa kimechanganyika na dhahabu ya mafundi wote waliopita hapo. Akasema anajua kilichomo kwenye ndoo yake.

Nilitaka kuondoka kabla sijaharibu mambo. Nikaweka chupa chini, nikaona vidole vyangu vimeanza kukauka na kuacha rangi ya zambarau kwenye kucha, nikaelekea uani, kwenye bomba, kama nilivyokwenda maisha yangu yote.

"Unakwenda wapi?"

Nikasema nakwenda kunawa.

Baba alikuwa ameshavaa miwani yake ya kukuzia na kuinamia pete ya mteja. Hakuinua kichwa. Alinyoosha mguu chini ya meza, akaisukuma ndoo kwa kisigino mpaka ikatokea upande wangu, maji yakacheza ukingoni bila kumwagika.

"Nawa hapa," alisema.

Nikapiga magoti, nikakunja mikono ya gauni. Yalikuwa ya baridi, na machafu kuliko nilivyodhani. Nikanawa polepole, kidole kwa kidole, na chini ya kucha.